Mahujaji wa Namugongo wasitembezwe gizani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu wa barua maoni ya msomaji mmoja aliyetaka viongozi wa dini na Serikali wapige marufuku misafara ya mahujaji wanaotoka Kagera kwa miguu kila mwezi Mei kwenda Namugongo, nchini Uganda. Hoja yake ni kwamba mabasi yapo, nauli inajulikana, na mtu anayeamua kutembea kilomita 300 hivi katikati ya malori anamjaribu Mungu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekwenda Namugongo kwa basi mara mbili na kwa miguu mara tatu, na katika safari zote tatu za miguu kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko wa dawa na kutembea na watu wa mwisho. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu hatari anayoisema ipo kweli na nimeiona kwa macho yangu, ila ameitafutia dawa ambayo siyo yake.

Kwa wasioifahamu hija hii, Namugongo ni mahali, kaskazini-mashariki ya Kampala, ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Pili. Kati ya mwaka 1885 na 1887 waliuawa sehemu mbalimbali za Buganda Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 ambao leo tunawaita kwa pamoja Mashahidi wa Uganda, na wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Wengi wao walihukumiwa Munyonyo, kando ya ziwa, kisha wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo. Kutembea, basi, hakukubuniwa na sisi wa leo; kumo ndani ya habari yenyewe. Na sisi watu wa Kagera tuna sababu nyingine ya kuelekea huko, kwa kuwa mapadre waliofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 walitokea Buganda, na bibi zetu walijifunza sala kutoka kwa makatekista waliokuwa bado wanazungumza nusu Kiganda.

Njia yetu ni ileile ya magari. Tunatoka Bukoba, tunavuka Mto Kagera pale Kyaka, tunapita Bunazi hadi mpakani Mutukula, kisha Kyotera, Masaka, Lukaya, Kayabwe, Mpigi na Kampala. Sitaisimulia safari nzima, kwa maana siku nyingi za hija zinafanana: vumbi, rozari, chai, malengelenge, usingizi. Nitasimulia siku moja tu, siku ya tisa ya safari yetu ya mwisho, tarehe 27 Mei, tulipotoka Lukaya kwenda Kayabwe, kwa sababu ndani ya siku hiyo limo karibu kila jambo ambalo msomaji mwenzangu analilalamikia na karibu kila jambo ambalo ningependa lirekebishwe.

Tulilala katika madarasa ya shule, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, juu ya mikeka tuliyopewa na akina mama wa hapo ambao hawakukubali kuchukua hata senti moja. Saa saba na nusu usiku filimbi ilipigwa. Kiongozi wa msafara, kijana mwema na mwenye bidii ambaye sina ugomvi naye, alikuwa ameamua tuanze kutembea saa nane kamili ili tuvuke Lwera kabla ya jua kuwa kali. Kwa asiyeijua Lwera, ni bonde la kinamasi lililoko kati ya Lukaya na Kayabwe, tambarare kama meza, ambalo barabara hulipita juu ya tuta huku mafunjo na maji yakiwa kulia na kushoto, na ziwa likiwa karibu upande wa kulia wa anayekwenda Kampala. Hakuna mti wa kukaa chini yake wala kijia cha pembeni, na anayekwepa gari hana pa kwenda isipokuwa kwenye maji.

Nikiwa nimewasha tochi ya simu nilikagua miguu ya watu kumi na mmoja. Naomba niseme neno hapa kuhusu malengelenge, kwa kuwa ndiyo yanayoamua hija ya mtu kuliko imani yake. Lengelenge huletwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Ukiondoa kimoja, mengi yanapona yenyewe. Wengi wetu hununua raba mpya kwa ajili ya hija, na hilo ni kosa la kwanza. Kiatu cha hija ni kile ambacho mguu ulikwisha kukizoea sokoni na shambani. Kosa la pili ni kupitisha uzi ndani ya lengelenge na kuuacha humo ukining'inia eti unyonye maji, desturi ambayo nimeikuta kwa wazee na vijana vilevile, na ambayo kwa muuguzi ni sawa na kumfungulia mdudu mlango na kumwekea ngazi. Mimi hutoboa pembeni kwa sindano safi, nakamua taratibu, naacha ngozi ya juu mahali pake, nafunika kwa shashi na plasta, kisha namwambia mwenye mguu avae soksi kavu. Asubuhi ile soksi kavu hazikuwapo, kwa sababu mvua za mwisho wa masika zilikuwa zimenyesha jana yake na kila kitu kilichoanikwa kilikuwa kibichi.

Tukaondoka saa nane na robo, watu 64. Mbele alitangulia mbeba msalaba na kijana mwenye tochi kubwa. Gari letu la mizigo lilikuwa limekwenda mbele zaidi kutafuta mahali pa kuweka maji. Nyuma kabisa tulikuwa mimi, kina mama watatu, na mzee mmoja wa miaka 71 ambaye nitamwita Mzee tu, mkulima wa kahawa, mpole, aliyekuwa akihesabu rozari kwa mkono mmoja na kushika fimbo kwa mwingine. Baada ya saa moja msafara ulikuwa umevutika kama uzi wa sweta. Wa mbele hatukuwaona tena, tulisikia tu sauti ya wimbo ikija na upepo, baadaye hata sauti haikuja. Taa yetu sisi wa nyuma ilikuwa ile ya simu yangu.

Barabara ya Masaka hailali. Kuna mabasi yanayotoka Kampala kwenda Mbarara, Kabale na Kigali, yako malori ya mizigo, na pale Lwera yako pia matipa ya mchanga, kwa sababu bonde lile linachimbwa mchanga wa kujengea na mashimo yake yaliyojaa maji huonekana mchana kama maziwa madogo. Tulikuwa tukitembea upande wa kushoto, migongo yetu ikiwa kwa magari yanayotujia, kwa sababu tu wa mbele walianza hivyo na hakuna aliyewauliza. Ilikuwa kama saa kumi alfajiri. Basi lilitaka kulipita tipa, tipa likasogea pembeni kulipisha, na pembeni ndipo tulipokuwa sisi. Honi nilizisikia, lakini taa zilikuwa zinatoka nyuma na kivuli changu mwenyewe kilinifunika macho, nikawasukuma kina mama kwa mikono miwili. Mzee aliruka. Nilipogeuza tochi sikumwona, nikaona fimbo. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, ameshika mafunjo, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Sista, rozari ninayo, kiatu ndicho sikioni."

Tulimvuta kwa kitenge. Alikuwa na mchubuko kwenye goti na baridi, basi. Lakini nimefanya kazi wodi ya majeruhi miaka mingi, na najua tofauti kati ya mchubuko na jeneza mara nyingi ni hatua moja ya tairi. Dereva wa tipa hakusimama, na sidhani hata alijua kwamba pale palikuwa na watu, kwani sote watano tulikuwa tumevaa nguo za rangi nzito na hatukuwa na kitu chochote kinachong'aa mwilini isipokuwa medali. Hapo ndipo ninapomkubalia msomaji mwenzangu kwa moyo wote: kumtembeza mzee wa miaka 71 kwenye tuta la Lwera saa kumi alfajiri, bila kizibao cha kuakisi mwanga, mgongo kwa magari, ni uzembe, na kuuita uzembe huo imani ni kuisingizia imani.

Naomba aniruhusu sasa nimwoneshe kwa nini uzembe huo hautibiwi kwa basi. Kulipopambazuka, na huko karibu na Ikweta kunapambazuka saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, Lwera ilibadilika kabisa. Yangeyange weupe walitoka kwenye mafunjo kwa makundi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye maji kama mvuke wa sufuria. Wauza samaki walianza kupanga biashara zao pembezoni mwa lami, sato na kambare wakiwa wametundikwa juu ya miti mbichi, na madereva waliotukosakosa usiku walikuwa sasa wanasimama kununua. Mvulana mmoja muuza samaki alimwona Mzee akichechemea na raba moja, akavua kandambili yake ya kushoto na kumpa, kisha akabaki na moja akicheka. "Mwebale olugendo, abalamazi," alituambia, yaani poleni na safari enyi mahujaji, na Mzee akamjibu kwa Kihaya, wakaelewana. Mambo ya namna hiyo hayakunipata katika basi. Novemba 2015, Papa Fransisko alipokuja Namugongo, nilikwenda kwa basi, nikalala Mutukula hadi Kampala, na ninachokikumbuka cha njiani ni filamu ya mapigano iliyokuwa kwenye runinga ya dereva.

Lwera ina kumbukumbu nyingine kwa Watanzania, ambayo huwa naifikiria kila ninapoipita. Machi 1979, baada ya Masaka kutekwa, ilikuwa hapa Lukaya na katika kinamasi hiki ambapo jeshi letu lilipambana usiku na majeshi ya Idi Amin yaliyosaidiwa na Walibya. Mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, aliipita Lwera kwa miguu akiwa na bunduki, na alikuwa akituambia kwamba maji yalimtisha kuliko risasi kwa sababu hakujua kuogelea. Sisi tunaipita na rozari, na bado maji yaleyale yanatusubiri pembeni. Ni nafuu kubwa, lakini haitoshi kuridhika nayo.

Jua lilipochomoza tatizo la pili lilianza, na hili halizungumzwi kwa sababu wanaolijua ni wanawake na wanaopanga safari ni wanaume. Mmoja wa kina mama wale watatu, mwanamke wa miaka 40 hivi, mwenye nguvu, alianza kupepesuka kama saa tatu asubuhi. Ulimi wake ulikuwa mkavu, mapigo ya moyo yanakimbia, na chupa yake ya maji, nilipoichukua, ilikuwa imejaa vilevile kama ilivyotoka Lukaya. Nilimkaripia, nikajuta. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuwa amekunywa tangu saa saba usiku kwa makusudi, kwa kuwa alisikia kwamba Lwera haina kichaka. Mwanamume husimama ukingoni akageuka kando. Mwanamke juu ya tuta lililo wazi, malori yakipita, afanye nini? Tulimzungushia vitenge vitatu, tukasimama duara migongo tukiwa tumempa, na baada ya hapo alikunywa lita nzima yenye pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na kufika Kayabwe kwa miguu yake. Nimeuliza baadaye. Wote watatu walikuwa wamefanya hivyo, na katika safari zangu tatu nadhani nusu ya wanawake waliozirai, ambao sisi wenye mifuko ya dawa tuliandika kwamba wamezidiwa na jua, walikuwa wamezidiwa na haya.

Jambo la tatu ni dogo lakini linauma zaidi. Barabara ya lami hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Anayetembea ukingoni mchana kutwa, upande mmoja tu, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine kwa hatua zisizohesabika, na jioni analalamikia goti au nyonga akidhani ni uzee. Mzee wangu, mwenye raba mguu wa kulia na kandambili ya muuza samaki mguu wa kushoto, alikuwa na mteremko wa barabara na mteremko wa viatu kwa wakati mmoja. Nilimfungia kandambili kwa kipande cha bandeji isimtoke, tukawa tunasimama kila kilomita mbili. Alitembea kama mtu anayeshuka ngazi isiyokwisha.

Tarehe yenyewe ilinirudia kichwani wakati mmoja wa mapumziko hayo. Tarehe 27 Mei ndiyo siku aliyouawa Gonzaga Gonza, mmojawapo wa wale waliotembezwa kutoka Munyonyo, ambaye inasimuliwa kwamba pingu za miguuni zilimkata hata akashindwa kuendelea, na walinzi wakammaliza kwa mkuki njiani, siku saba kabla ya moto wa Namugongo. Nilimweleza Mzee habari hiyo nikimfunga goti. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama sisi tuliobaki nyuma tuna walinzi wa kutusubiri au wa kutuchoma mkuki. Alikuwa anatania, lakini swali lake nimelibeba hadi leo.

Kwa maana tulipofika Kayabwe, penye ile mviringo miwili myeupe inayoonesha mstari wa Ikweta, ambapo watalii hupigwa picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Wenzetu wa mbele walikuwa wamefika saa nne asubuhi. Walikuwa wameoga, wamekula, wamelala, na baadhi yao walikuwa wanafua. Walitupokea kwa nyimbo na kwa upendo wa kweli, na ni wao waliotutilia maji ya miguu, lakini hesabu ninayoomba msomaji aipige pamoja nami ni hii. Tulianza saa nane usiku ili tulikwepe jua. Waliolikwepa jua ni wale wepesi, vijana wa miaka 25, ambao jua lisingewafanya chochote. Mzee na kina mama walipewa vyote viwili, giza la muda wa saa nne na jua la muda wa saa tisa. Mpango uliotungwa kwa ajili ya wanyonge uliwafaidia wenye nguvu, na nasema hivi bila kumlaumu kijana wetu kiongozi, kwa kuwa na mimi nilikuwa kwenye kikao na sikunyanyua mkono.

Kwa hiyo ombi langu kwa parokia zetu za Kagera, na kwa wote wanaopanga misafara ya miguu kwenda Namugongo kutoka upande wowote, ni moja: asitembezwe mtu yeyote barabarani kabla ya kupambazuka. Msafara uanze saa kumi na mbili na nusu, macho yanapoanza kuona rangi ya nguo ya jirani. Mwendo wa siku upangwe kwa kumwangalia anayetembea polepole kuliko wote, naye ndiye awekwe mbele karibu na msalaba, kwa sababu mwepesi hawezi kumpoteza mtu aliye mbele yake. Jua kali la saa sita hadi saa tisa lipitishwe chini ya turubai. Katika sehemu kama Lwera, ambako hakuna parokia katikati wala kivuli, gari la mizigo lisitangulie Kayabwe. Lisimame kila kilomita tano likiwa na maji, turubai na mahali palipozibwa kwa ajili ya wanawake, na anayeshindwa apandishwe bila kuulizwa swali na bila kuoneshwa kidole jioni. Hija haivunjwi na kilomita 20. Sijawahi kusikia kwamba mlangoni Namugongo kuna mtu anayekagua soli za viatu.

Na tutembee upande wa kulia. Tanzania na Uganda zote mbili magari hukaa kushoto, kwa hiyo anayetembea kulia anayaona yanayomjia na ana nafasi ya kuruka kwa kutaka, siyo kwa kusukumwa na muuguzi. Vizibao vya kuakisi mwanga, vile ambavyo vijana wa bodaboda huviita reflekta, vivaliwe hata mchana, kwa kuwa mvua ya Mei huleta giza lake. Polisi wa Uganda, kwa niliyoyaona, huwa na moyo wa kuwasaidia mahujaji wanapoombwa. Tatizo letu ni kwamba huwaomba tukiwa tumekwisha kufika mlangoni kwao.

Najua nitaambiwa kwamba huko Ulaya mahujaji wana njia zao wenyewe. Ni kweli. Wanaokwenda Santiago de Compostela, nchini Hispania, hutembea sehemu kubwa ya safari kwenye vijia vya mashambani na misituni, wakiongozwa na mishale ya rangi ya njano iliyochorwa kwenye mawe, kuta na miti. Lakini mishale ile haikuanzishwa na serikali. Ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Padre Elías Valiña, paroko wa kijiji cha mlimani kiitwacho O Cebreiro, aliyezunguka na kopo la rangi ya barabarani akichora mwenyewe. Kati ya Kyotera na Masaka, na tena baada ya Kayabwe, zipo njia za vijijini zinazokwenda sambamba na lami kwa kilomita nyingi, zenye migomba na visima, ambazo wenyeji huzitumia kwenda kanisani. Mtu mwenye kopo la rangi na ruhusa ya wenyeji angeweza kututoa barabarani kwa sehemu nzuri ya safari. Kwa Lwera hilo halisaidii, nakiri, kwa kuwa huwezi kuchora mshale juu ya mafunjo, na ndiyo maana nimeisema Lwera peke yake. Mei 2023 mafuriko yalipolibomoa daraja la Katonga katika barabara hiyohiyo na magari yakalazimika kuzunguka mbali, wote tulikumbushwa kwamba pale hakuna njia ya pili.

Msomaji aliyetaka tupigwe marufuku namwomba afikirie pia jambo hili la kawaida kabisa. Marufuku haitamzuia Mzee. Ataondoka kwake peke yake, alfajiri, bila msafara, bila gari la maji na bila muuguzi, kama walivyofanya wengi kabla ya parokia kuanza kuandaa misafara hii. Aliweka nadhiri mwaka ule mkewe alipouguzwa akapona, na nadhiri yake ilikuwa ya miguu, siyo ya tiketi.

Alifika. Tarehe 3 Juni alisimama nje ya basilika ile yenye umbo la nyumba ya msonge, katika umati ambao sikuuona mwisho wake, akiwa na raba moja na kandambili moja, kwa sababu alikataa kununuliwa viatu vingine kabla ya kumaliza.

Niliporudi nilinunua vizibao vinane vya kuakisi mwanga kwa fundi mmoja hapa Bukoba anayewashonea bodaboda. Havitoshi watu 64, lakini vinawatosha wa mbele wanne na wa nyuma wanne. Vipo kwangu ndani ya mfuko wa dawa, na kiongozi wa msafara wa mwakani, awe kijana wetu yule au mwingine, anajua nyumbani kwangu. Namwomba avifuate kabla ya Kwaresima, na aje na ratiba yake ya saa za kuondoka tuisome pamoja.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Bukoba, Kagera